Wimbo wa Kupokezana Bega

Mwenyekiti wa kamati ya mahafali ana tabia ya kuchovya biskuti kwenye chai mpaka ilegee kabisa, kisha anaanza kuzungumzia utamaduni huku nusu yake ikiwa kwenye ndevu. Siku aliyoniita ofisini kwake kunipa kazi nilishindwa kumtazama usoni. Nilikaa naitazama picha yake ya ukutani, ambayo angalau ilikuwa imenyolewa.

"Mwalimu, safari hii tunataka muziki wetu wenyewe," aliniambia. "Tumechoka kuingia ukumbini na matarumbeta ya kuazima. Chukua nyimbo za vijijini, uzitengenezee bendi na kwaya. Ila uzisafishe kidogo. Wageni wetu ni watu wazito."

Wanafunzi wanamwita Itifaki, kwa sababu hawezi kukaa kwenye kiti kabla hajauliza nani amtangulie kukaa. Mimi nafundisha muziki hapo chuoni, na maombi ya namna hiyo nimeyazoea. Watu wanataka asili iliyooga na kupakwa mafuta. Ngoma wanaitaka, jasho la mpigaji hawalitaki. Mwimbaji wanamsifu sana, mradi asije kukaa karibu nao wakati wa chakula. Yote hayo huwa yananitia kinyaa, lakini siku ile nilikubali upesi, kwa sababu nilishajua wimbo nitakaoutumia.

Kwetu ni kilimani, na gari halifiki. Mtu akizidiwa anafungwa juu ya kitanda, kitanda kinafungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wanaingiza mabega kwenye pembe nne na safari ya kushuka hospitali inaanza. Mbele yao anatangulia mwitaji. Yeye habebi. Kazi yake ni kuimba, ili hatua za wale wanne ziwe moja na mgonjwa asitikiswe, na kusikiliza wanavyomwitikia. Sauti ya mbebaji ikianza kukatika, mwitaji analiingiza ndani ya wimbo jina la mtu mwingine kati ya wale wanaofuata nyuma. Aliyeitwa anajibu, "Niachie." Anakuja, anatia bega, na aliyechoka anatoka pembeni bila kitanda kusimama. Ndivyo wimbo ulivyo mwanzo hadi mwisho: hatua na majina. Ukiitwa humo husifiwi. Unaambiwa njoo ubebe.

Mama yetu alishushwa kwa wimbo huo msimu mmoja wa mvua. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mwitaji. Mimi nilikuwa huku mjini, nimesimama kwenye lango la hospitali na kanga safi mkononi, nikamngoja mama mzima nikaletewa aliyefunikwa uso. Alikuwa amekata roho njiani, kwenye kona moja kubwa ya chini. Tangu siku hiyo Kaka hakuita tena. Mtu akiugua kilimani wanamtafuta mwitaji mwingine.

Nilipomwomba aje aniitie kwenye mahafali alinijibu kwa simu, kwa upole tu, kwamba sauti imemkauka. Sikumlazimisha. Nafasi yake nikampa mwanafunzi mmoja wa kwaya mwenye sauti nzuri, na kwenye sehemu za majina nikaweka majina ya wabebaji wa kwetu, wale wazee ambao mabega yao hadi leo yana sugu. Wahitimu wangeingia ukumbini taratibu, hatua moja, na majina ya watu wale yangesikika mle ndani angalau mara moja. Nilijiona nimefanya kitu cha maana. Kazi ilikuwa nzuri, sitajitia unyenyekevu.

Halafu kamati ikaketi kuusikiliza.

Walitikisa vichwa, walifumba macho, mmoja alisema amesikia harufu ya udongo. Itifaki akafuta mdomo akauliza, "Hawa Mpini na Baba Pacha ni akina nani?"

"Ni wabebaji, Profesa. Mpini ni jina la utani."

"Ndiyo. Sasa hapo tutaweka jina la mgeni wetu. Yule anayetunukiwa udaktari wa heshima. Itapendeza sana, akiingia anaitwa na wimbo wa kwao."

"Mgeni mwenyewe nani?"

Aliponitajia, nilianza kukusanya karatasi zangu za muziki.

Nitaeleza kwa nini. Barabara ya kilimani kwetu ilijengwa zamani, kwa maana ya kwenye karatasi. Mkandarasi aliyepewa kazi alileta greda, likakwangua udongo mpaka kwenye ile kona kubwa ya chini, akapigwa picha amevaa kofia ya plastiki, kisha greda likageuza. Kilichobaki ni uwazi wa tope ambao mvua ikinyesha unapitika kwa shida kuliko ile njia ya miguu iliyokuwepo mwanzo. Kilimani wakampa jina la Bwana Lami. Lilikuwa tusi, lakini yeye alilipokea kama cheo, na sasa hata wapiga debe wake wanalitumia. Mama alifia kwenye tope la mtu huyo. Na huyo ndiye ambaye chuo chetu kimemwona anafaa kuvikwa kofia nyekundu kwa mchango wake katika maendeleo ya vijijini.

"Siwezi," nilisema.

"Huwezi nini, Mwalimu? Ni kubadilisha neno moja."

"Kama jina lake linaingia, wimbo unatoka."

Itifaki hakukasirika, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Alinitabasamia kama unavyomtabasamia mtoto anayekataa kuvaa viatu. "Karatasi za muziki tunazo," alisema. "Kwaya imeshajifunza. Na mwitaji, tena mwitaji wa kweli, tumempata. Kaka yako. Alimfuata Bwana Lami mwenyewe, akajitolea."

Nilidhani ananidanganya ili nilegee. Niliondoka pale bila kuaga nikaenda moja kwa moja kwa Kaka.

Kaka ni seremala. Karakana yake iko mwisho wa barabara ya soko, bati juu na kuta za mabanzi, na ukiingia unakanyaga takataka za randa mpaka kwenye vifundo. Nje lilikuwa limeegeshwa gari kubwa jeusi limeziba mlango wa jirani. Ndani, juu ya kitanda ambacho hakijapigwa msasa, alikaa Bwana Lami mwenyewe, miguu mbali mbali, tumbo limetulia juu ya mapaja, kijiti cha meno mdomoni. Dereva wake alikuwa anawapiga picha kwa simu. Kaka alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Tena," Kaka alisema. "Nikikuita usiharakishe. Liache jina lako lifike mwisho, ndipo ujibu."

"Niachie," alisema Bwana Lami.

"Hapana, mzee. Hapo ni kama unaagiza soda. Itoe kifuani."

"Niachie." Alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Sasa je?"

"Sasa umepata. Na nikikuita tena, jibu tena. Kila nikikuita."

"Utaniita mara nyingi?"

"Mara kadhaa."

Alifurahi. Unajua mtu akifurahia kitu kinachomhusu yeye mwenyewe, mashavu yanavyolainika? Aliponiona akaniuliza kama mimi ndiye mtunzi, akasema hongera dada, mmetuheshimisha, akanyanyuka kwa kuegemea bega la kaka yangu. Manukato yake yalikuwa mazito kiasi kwamba harufu ya mbao ilipotea mle ndani. Alipoondoka yalibaki.

Nilingoja gari lipotelee konani.

"Mimi nilikuomba, ukaniambia sauti imekauka."

"Ilikuwa imekauka."

"Kwa huyu imelowana."

"Kwa huyu imelowana," alisema Kaka, bila hata kunitazama. Alichukua randa akarudi kwenye ubao wake.

"Umemwambia mama alifia wapi?"

"Hakuuliza."

"Kaka, unajikomba. Unamvisha kilemba cha ukoka mtu aliyetuulia mama, tena unamfundisha namna ya kukivaa. Ni koti ndilo wamekuahidi? Au chakula cha meza ya mbele?"

"Koti ninalo." Aliendelea kuranda. "Wewe shika bendi yako, mdogo wangu. Kuita niachie mimi niliyekuzwa nako."

Nikamwambia neno ambalo mdogo hamwambii mkubwa wake. Aliupuliza ubao, vumbi likaruka, akapitisha kiganja juu yake kuona kama umelainika. Nilitembea hadi nyumbani nimekunja ngumi, na kinyaa nilichokuwa nacho kwa Itifaki na kwa Bwana Lami wake kikawa kidogo kabisa ukilinganisha na nilichokuwa nacho kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Ningeweza kujiuguza siku ya mahafali. Niliwaza hivyo, kisha nikaona kama wimbo wa mama unakwenda kuchinjwa, bora niwepo nikiangalia. Nikapiga pasi gauni jeusi nikaenda.

Ukumbi ulikuwa umepambwa maua ya plastiki ambayo mtu alikuwa ameyapulizia marashi. Majoho ya kukodi yalinuka jasho la wahitimu wa mwaka jana. Itifaki alikuwa anakimbia huku na huku akihamisha viti vya wakubwa, mara hiki kisogee mbele kidogo, mara kirudi, kwapa zimelowa hadi kiunoni. Watu wa kilimani, wazazi wa wahitimu wetu, walikuwa wamepangiwa viti vya nyuma kabisa, pembeni ya vipaza sauti, mahali ambapo huoni kitu na masikio yanauma. Niliwaona wazee wenyewe, Mpini na Baba Pacha na wengine, wamevaa mashati yaliyofungwa vifungo hadi kooni.

Nikainua mikono, bendi ikaanza.

Lazima niseme ukweli: wimbo ulikuwa mzuri. Ngoma kubwa ilitua pale mguu unapotua, filimbi zikawa juu kama watu wanaoitana ng'ambo ya bonde, na wahitimu, ambao kwa kawaida huingia wakisukumana na kucheka, walishika hatua moja bila kuambiwa. Baadhi ya wazazi wa nyuma walianza kulia. Uzuri wake ulinichoma. Nilikuwa nautengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu, ili mtu yule atembee juu yake.

Kaka aliingia akiwa mbele ya wanaume wanne. Hakukuwa na kitanda, lakini wale wanne walitembea bega moja limeinuka, kama mzigo upo. Sauti yake ya kuita sikuwa nimeisikia tangu kabla ya kifo cha mama. Ilikuwa nzito zaidi na ina mkwaruzo. Akamwita Mpini. Mzee Mpini alisimama kule nyuma, "Niachie," akaja akichechemea, akatia bega, mmoja akatoka. Akamwita Baba Pacha, naye akaja. Akaita hadi pembe zote nne zikashikwa na wazee waliombeba mama. Kwaya ilikuwa inaitikia taratibu chini yao.

Ndipo mlango mkubwa ukafunguliwa, Bwana Lami akaingia na joho jekundu.

Kaka akamgeukia. "Laaami," aliimba, lile jina akalivuta mpaka mwisho.

"Niachie," alijibu Bwana Lami, kutoka kifuani, kama alivyofundishwa. Watu wa mbele walishangilia. Mpini alishusha bega, akajifuta kwa kiganja, akatoka pembeni akaenda kukaa.

Kaka alimwita tena. Akajibu tena, kwa sauti kubwa zaidi, mikono ameifungua kama anawakumbatia watu wote. Baba Pacha akashusha bega, akatoka.

Hapo ndipo niliposhtuka, maana katika maisha yangu yote sijapata kumsikia mwitaji akimwita tena mtu ambaye ameshaitika. Mtu ana bega moja, pembe moja. Nilimtazama Kaka. Hakuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa kwa yule mtu, na hayakuwa macho ya kujikomba.

Akamwita mara ya tatu. Akaitika. Mzee wa tatu akatoka. Akamwita ya nne, na Bwana Lami, ambaye sasa alikuwa amenogewa, aliitika huku anacheza mabega, kofia nyekundu inayumba. Mzee wa mwisho aliinama kidogo, kama watu wanavyoinama wakiuacha mzigo taratibu ili asiumie aliye juu, kisha akatoka.

Kaka akanyamaza. Mbele ya kitanda ambacho pembe zote nne zimepokelewa na mtu mmoja, mwitaji hana la kuimba. Alisogea kando akampisha njia.

Kwaya ilikuwa inanitazama. Itifaki, kutoka jukwaani, alinionyesha kwa kidole, endelea, endelea. Ningeweza. Kwaya ilikuwa inaujua wimbo, na yule mwanafunzi wangu alikuwa ameshafungua mdomo. Nikashusha mikono. Bendi ikakatika.

Bwana Lami alibaki peke yake katikati ya ukumbi. Alitabasamu kulia, akatabasamu kushoto. Kule nyuma watu wa kilimani walikuwa wamesimama wote, hakuna anayepiga makofi, wanamngoja. Walimngoja kwa dhati kabisa, kama wanavyongoja njiani. Halafu bibi mmoja wa kwetu akasema, si kwa kejeli, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyechelewa:

"Haya twende basi, baba. Mgonjwa anasubiri."

Watu wa mbele wakacheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Itifaki akanyakua kipaza sauti akasema makofi tafadhali kwa mgeni wetu, makofi yakapigwa, na Bwana Lami akatembea hadi jukwaani akapewa udaktari wake.

Ningependa kusema aliaibika. Nilimkuta kwenye hema la chakula na paja la kuku mkononi, mafuta yanamtiririkia kwenye kifundo cha mkono na kuingia ndani ya mkono wa joho. Alimkumbatia Kaka kwa mkono ule ule.

"Pale pa kimya," alisema, anatafuna, "pale mlinimaliza. Nilisikia baridi mgongoni. Profesa, hii iwe kila mwaka."

"Itakuwa kila mwaka, Daktari," alisema Itifaki, na alilitamka lile jina la Daktari kama mtu anayelamba kijiko.

"Na wewe, dada." Akaninyooshea mkono. Punje ya wali ilikuwa imenata kwenye pete. Watu walikuwa wanaangalia, Itifaki alikuwa ananikodolea macho, na mimi, Mungu anisamehe, niliushika. Ulikuwa wa moto na laini, mkono ambao haujawahi kuwa na sugu mahali popote.

Nilitoka humo karibu nikimbie. Nyuma ya jiko kulikuwa na bomba la kuoshea masufuria, na Kaka alishafika kabla yangu. Alikuwa amevua koti ameliweka juu ya ukuta, ananawa mpaka juu ya viwiko.

"Hakuelewa kitu," nilimwambia. "Anadhani amesifiwa. Sasa wataupiga kila mwaka na jina lake ndani."

"Najua."

"Basi kulikuwa na faida gani?"

Alijisugua shingo, pale alipokumbatiwa. "Siku ile ya mama," alisema, "tulipofika kwenye kona tope lilikuwa magotini. Watu walikuwa wamekwisha. Nilimwita Mpini, akaniitikia akiwa amekaa chini, miguu imemkataa. Nikamwita Baba Pacha. Nikawaita wote, nikarudia tangu mwanzo, hakuna anayeweza kusimama. Tukamshusha na kitanda chake hapo hapo kwenye tope. Alikuwa bado anapumua."

Nilijua mama alifia kwenye kona. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba walisimama.

"Aliniuliza kwa nini nimenyamaza," alisema Kaka. "Nikamwambia majina yameniishia, Mama. Nilimdanganya. Lilikuwa limebaki jina moja, nalijua, liko hapa kooni, nikaona haya kumwita mtu ambaye hayupo, watu wangesema nimerukwa na akili." Alikung'uta maji mikononi. "Leo nimemwita. Umemsikia mwenyewe, ameitika mara nne."

"Ameitika mama akiwa kaburini, Kaka."

"Ndiyo," alisema. "Amechelewa."

Akanipisha kwenye bomba. Niliutia mkono wangu chini ya maji, nikausugua kwa mchanga kama masufuria, na Kaka akasimama pembeni akinishikia mkoba.